Mtu mmoja, simulizi mbili: ninavyosoma maneno ya waliopigana Mau Mau

Tarehe 15 Januari 1954, karibu na Karatina, vikosi vya serikali ya kikoloni vilimkamata mwanamume mwenye jeraha la risasi kooni. Jina lake lilikuwa Waruhiu Itote, ila msituni walimwita Jenerali China, kamanda wa upande wa Mlima Kenya wa wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa wakipambana na utawala wa Waingereza nchini Kenya. Kidonda hakijakauka, akakalishwa mbele ya Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekulia Kenya na aliyekizungumza Kikuyu kwa ufasaha. Alihojiwa kwa jumla ya saa 68. Kilichotoka humo kikapigwa taipu kwa Kiingereza, kikawa ripoti ya serikali.

Mwaka 1967, Itote huyohuyo akiwa raia wa nchi huru, alichapisha kumbukumbu zake. Msimulizi ni yuleyule, msitu ni uleule, vita ni vilevile. Lakini ukiziweka karatasi hizi sambamba mezani utadhani ni ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti.

Nimeitumia jozi hii darasani kwa miaka mingi, na hakujapita mwaka bila mwanafunzi kuinua mkono na kuuliza, "Sasa mwalimu, hapa alidanganya wapi?" Swali lenyewe nalielewa. Tumezoea kufikiri kwamba aliyeshuhudia jambo ana ukweli mfukoni, na kazi yetu ni kumwomba autoe. Mimi kazi yangu ni historia simulizi, yaani kurekodi, kunakili na kulinganisha maneno ya watu waliopitia ile Hali ya Hatari, miaka ambayo serikali ya kikoloni ilitumia sheria za dharura kuwakabili Mau Mau, na ambayo wazee wengi bado wanaiita imajensi. Nilichojifunza ni hiki: simulizi ni jibu. Kabla hujalipima jibu, tafuta kwanza lilikuwa swali gani, na nani alikuwa anauliza.

Polisi mwaka 1954 alitaka kujua nini? Vikosi vimegawanywaje, amri zinapita njia gani, chakula na risasi vinatoka wapi, nani anaelewana na nani kati ya makamanda. Ndiyo maana ukitaka kujua muundo wa jeshi la Mlima Kenya, ripoti ile ni hazina. Ina mpangilio, ina majina, haina machozi. Lakini kumbuka aliyekuwa anajibu. Chini ya sheria za wakati huo, kupatikana na risasi tu, hata bila bunduki, kulitosha kukupeleka kitanzini. Itote alihukumiwa kifo mwanzoni mwa Februari. Mwezi Machi adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na katikati ya hukumu na msamaha kuna jambo moja zito: alikubali kuwaandikia makamanda wenzake waliobaki msituni barua za kuwaita kwenye mazungumzo ya kujisalimisha. Mazungumzo yale yalivunjika Aprili baada ya mapigano kuzuka kati ya wanajeshi na wapiganaji waliokuwa wamekusanyika. Msituni, wengi walimwona China kama mtu aliyegeuka.

Sasa geukia kitabu. Mwaka 1967 hakuna aliyekuwa akimuuliza Itote idadi ya bunduki. Alikuwa ametoka gerezani mwaka 1962, baada ya miaka kadhaa katika gereza la Lokitaung, kaskazini mwa Kenya, alikofungwa pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza. Sasa alikuwa na wadhifa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kenyatta naye alikuwa amekwisha kutamka, mwaka 1962, kwamba Mau Mau ulikuwa ugonjwa ulioangamizwa na usiostahili kukumbukwa tena. Swali lililokuwa hewani, hata kama hakuna aliyelitamka mbele yake, lilikuwa: mlikuwa wahalifu au wazalendo? Na zile barua, mzee, ilikuwaje?

Kwa hiyo kitabu hakianzii msituni. Kinarudi nyuma, hadi Burma, alikopigana katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa King's African Rifles, kikosi ambacho watu wetu walikiita Keya. Anasimulia jinsi askari Mwingereza alivyomsaili kuhusu sababu ya Mwafrika kupigana vita vile. Mwingereza akifa, amekufa kwa ajili ya nchi yake, na wewe je? Siwezi kuthibitisha mazungumzo hayo na sihitaji. Ninachokiona ni mwandishi anayeweka jiwe la msingi. Anataka tuelewe kwamba aliyekamatwa Karatina hakuwa jambazi aliyekimbilia porini. Alikuwa askari aliyefunzwa na Mwingereza mwenyewe, kisha akaulizwa swali ambalo hakulipatia jibu hadi aliporudi nyumbani.

Alidanganya wapi? Mbele ya polisi alikuwa anaokoa shingo. Mbele ya taifa alikuwa anaokoa jina. Mtu akisoma moja tu ya simulizi hizi, amemwona Itote kwa jicho moja.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hulipita haraka, nami hulirudia mpaka wanachoka. Ripoti ile imejaa neno "mimi". Mimi nilifanya, mimi nilikwenda. Lakini "mimi" huyo ni wa mashine ya taipu ya polisi. Henderson aliuliza kwa Kikuyu, akajibiwa kwa Kikuyu, kisha majibu yakapangwa upya na kuingia kwenye Kiingereza cha ofisini. Hakuna kanda. Hatujui Itote alinyamaza wapi, alicheka wapi, alirudia neno gani mara tatu. Nikikutana na sentensi nyoofu mno katika hati za aina hii, huwa najiuliza ni nani aliyeinyoosha.

Hali ni ngumu zaidi kwa Dedan Kimathi, kiongozi mkuu wa wapiganaji wa msitu wa Nyandarua. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 kwenye ukingo wa msitu upande wa Nyeri, akiwa amepigwa risasi, na akashtakiwa kwa kumiliki bastola na risasi. Hakushtakiwa kwa uasi wala kwa kifo cha mtu yeyote. Jaji akaketi na wazee wa baraza wa Kikuyu, Kimathi akazungumza kupitia mkalimani. Akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi hiyo zilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa zimepotea, na zilipochapishwa mwaka 2017 watu wengi waliumia. Kisa? Mle ndani Kimathi anajitetea kwamba alikuwa anatoka msituni ili ajisalimishe.

Nilipigiwa simu na mzee mmoja aliyekuwa ameudhika kabisa. Akanambia, "Kimathi hawezi kusema hivyo. Hao wazungu waliandika wenyewe." Nikamjibu kwamba huenda alisema, na bado haimpunguzii kitu. Kwa mtu anayeshtakiwa kwa kukutwa na bastola, kusema alikuwa anakwenda kuisalimisha ndio mlango pekee uliokuwa umebaki wazi. Mahakama haikumuuliza anaamini nini. Ilimuuliza kwa nini alikuwa na bastola. Ukitaka kujua Kimathi aliamini nini, tafuta barua na maandishi aliyoyaandika akiwa huru Nyandarua, maana alikuwa mtu wa karatasi, aliyetaka mambo yaandikwe na kutunzwa hata huko chini ya mianzi. Mzee hakuridhika. Nafikiri hajaridhika hadi leo.

Hilo la karatasi linanipeleka kwenye upungufu ambao hatuusemi vya kutosha. Kumbukumbu zilizochapishwa za wapiganaji kwa sehemu kubwa ni za waliosoma. Karari Njama alikuwa mwalimu kabla ya kuingia msituni mwaka 1953, na ndiyo sababu alifanywa katibu. Ndiyo sababu pia tunajua mengi kuhusu mkutano wa Mwathe wa Agosti 1953 ambapo makamanda wa Nyandarua walijaribu kuunganisha vikosi vyao. J.M. Kariuki alikuwa na elimu ya sekondari na kalamu kali, akapita kambi moja ya kizuizini baada ya nyingine akiwaandikia wakubwa malalamiko, kisha akaandika kitabu mwaka 1963. Gakaara wa Wanjau alikuwa mwandishi na mchapishaji kabla ya kukamatwa Oktoba 1952. Shajara yake ya kizuizini, aliyoitoa kwa Kikuyu mwaka 1983, naipenda kuliko zote kwa sababu haikusubiri vita viishe ndipo ikumbuke. Iliandikwa mambo yakiendelea, na aliyeandika hakujua mwisho wake. Kumbukumbu ya mtu anayejua mwisho kila tukio hulipeleka huko mwisho. Shajara hupotea njia, na mimi nazipenda nyaraka zinazopotea njia.

Lakini makarani hawakuwa jeshi zima. Kijana aliyekwenda msituni akiwa mchunga mbuzi, mama aliyeficha risasi ndani ya kikapu cha viazi, hao hawakuandika. Tulipoanza kuwafuata na vinasa sauti, wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa. Na waliokuwa hai walikuwa na sababu nzuri za kunyamaza.

Ya kwanza ni kiapo. Watu wa nje walipenda sana kuandika kuhusu viapo, hasa vile vikali, kama kile cha wapiganaji walichokiita batuni, neno lililochongwa kutoka "platoon", jina la Kiingereza la kikosi kidogo cha kijeshi. Waliona damu na nyama, hawakuona kwamba kiini chake ni ulimi. Uliapa kutosema. Nikisema, kiapo hiki kiniue. Serikali nayo ikaligeuza hilo kuwa silaha: kwenye kambi za Manyani, Athi River, Mwea na kwingineko, mfungwa alitakiwa kukiri kiapo ili asogezwe karibu na nyumbani. Anayekiri anasogea, asiyekiri anabaki au anapelekwa mbali zaidi. Katika kambi ya Hola, Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo baada ya kukataa kulazimishwa kufanya kazi. Kwa hiyo mzee aliyekiri mwaka 1956 na mzee aliyekataa hadi mwisho wanaketi leo kanisa moja, na mimi nafika na swali langu: "Mzee, ulikula kiapo mara ngapi?" Bila kujua, nimevaa sare ya yule afisa. Niliacha kuuliza swali hilo zamani.

Ya pili ni sheria. Mau Mau ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003. Soma tena tarehe hizo. Kwa miaka 40 ya uhuru, mtu aliyesema "nilikuwa Mau Mau" alikuwa anakiri uanachama wa kundi haramu. Usishangae basi ukisoma mahojiano ya miaka ya 1970 na kukuta kila kitu kimefanywa na "watu": watu walipeleka chakula, watu walichoma boma, watu walipita usiku. Kiswahili na Kikuyu vyote vinaruhusu mtu kujificha ndani ya kitenzi. "Aliuawa." Na nani? Sentensi imefika mwisho bila kudaiwa jibu.

Ya tatu ni majirani. Huko Lari, upande wa Kiambu, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, nyumba za waliokuwa upande wa serikali zilichomwa moto na makumi ya watu wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Mauaji hayo yalipigwa picha, yakaandikiwa maelezo, yakasambazwa duniani. Yaliyofuata alfajiri na siku zilizofuata, pale vikosi vya usalama na homugadi, yaani walinzi wa vijijini waliokuwa upande wa serikali, walipolipiza kisasi, hayakupata mpiga picha. Vizazi vya pande zote bado vinagawana kisima. Ukienda huko kurekodi, utapewa chai, utapewa historia ya ugawaji wa ardhi tangu watu walipohamishwa Tigoni, utaelezwa kila kitu isipokuwa usiku ule. Chai nimeinywa nyingi.

Mwaka 2009 wazee watano walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso waliyopata kizuizini. Hapo simulizi ikapewa muulizaji mpya kabisa: wakili. Wakili hataki "watu". Anataka wewe, mwili wako, siku hiyo, mkono wa nani. Wazee ambao kwa nusu karne walikuwa wamejificha ndani ya vitenzi ilibidi watoke nje na kusema nilifanyiwa hivi, hapa. Wanawake walisema mambo ambayo watoto wao hawakuwahi kuyasikia. Halafu, mwaka 2011, ikabainika kwamba Uingereza ilikuwa imehifadhi Hanslope Park, kituo chake cha serikali, shehena ya majalada yaliyoondolewa makoloni wakati wa uhuru. Miongoni mwa nyaraka za kesi kulikuwa na barua ya mwaka 1957 ambayo mwanasheria mkuu wa koloni alimwandikia gavana kuhusu kupiga wafungwa, akisema kwamba kama ni lazima tutende dhambi, basi tuitende kimyakimya.

Wengine walisema majalada yale ndiyo "yaliyothibitisha" maneno ya wazee. Neno hilo linanikera kidogo. Wazee walikuwa wamesema tayari. Karatasi ilikuja nyuma yao, ikihema. Ila kisheria ilikuwa na uzito: mwaka 2012 jaji aliruhusu kesi iendelee licha ya miaka kupita, kwa kuwa nyaraka zilizokuwepo zilitosha kuiendesha kwa haki, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, pamoja na tamko la majuto. Mwaka 2018, kesi nyingine iliyobeba madai ya watu wapatao 40,000 ikagonga ukuta mbele ya jaji mwingine: muda umepita mno. Nilizisoma hukumu zote mbili mfululizo wikendi moja. Kumbukumbu za wazee ni za aina ileile, vidonda ni vilevile. Kilichobadilika ni kile ambacho mahakama ilikuwa inauliza.

Nimeahidi nafsi yangu kwamba siwezi kuandika haya bila kueleza kosa langu mwenyewe.

Miaka iliyopita nilirekodi shosho mmoja, yaani bibi mzee, huko Nyeri, mahali ambapo ukisimama uani unaona msitu. Nilianza kama nilivyofundishwa: jina, mwaka wa kuzaliwa. Akasema alizaliwa kabla ya Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo. Ile ni 1943. Nikauliza ni mwaka gani walihamishiwa kijijini, maana serikali iliwakusanya zaidi ya watu milioni moja katika vijiji vyenye ulinzi. Akasema, "Mwaka tuliochimba mtaro." Mtaro huo ulikwenda maili 50 kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, umejaa vijiti vilivyochongwa ncha, na kazi kubwa ya kuuchimba walifanya wanawake. Kwenye daftari langu niliandika: hana uhakika na tarehe. Kijana mjinga. Alikuwa na uhakika kuliko mimi; kalenda yake ilikuwa na matukio, yangu ilikuwa na namba tu.

Hilo nililirekebisha. Kosa kubwa lilikuwa jingine, nalo nililigundua miaka mingi baadaye nilipoirudia kanda yenyewe badala ya nakala yangu. Shosho alisimulia kwa Kikuyu, taratibu, akitafuta maneno. Lakini kila alipofika mahali ambapo askari anazungumza, alibadilisha lugha na sauti ikapanda. "Kaa chini!" "Lete kipande!" "Wewe kula kiapo ngapi?" Kipande ni kitambulisho ambacho askari walidai kuonyeshwa. Kiswahili cha Keya, kilichokatwakatwa, kwa sababu askari wale walitoka pande nyingi, wengine Uganda, wengine Tanganyika, na hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya amri. Hakuwa anatafsiri. Yale maneno yalikaa kichwani mwake jinsi yalivyotamkwa, na lafudhi yake, kama mwiba uliobaki ndani ya mguu. Sehemu za Kikuyu zilikuwa kumbukumbu zake. Zile za Kiswahili zilikuwa sauti yenyewe.

Mimi nilikuwa nimenakili yote kwa Kiswahili kimoja safi, sanifu, chenye nukta na mkato. Askari, shosho, mama yake, wote wakawa wanazungumza kama watangazaji wa redio. Nilimfanyia shosho kile ambacho mashine ya taipu ilimfanyia Itote.

Shosho amefariki. Kwa hiyo nimezitoa kanda zote kabatini, zile ambazo hazijashika ukungu, na nazisikiliza upya jioni baada ya kazi nikiwa na kalamu mbili: ya buluu kwa Kikuyu, nyekundu kwa kila mahali mtu anapohamia Kiswahili. Kwenye kanda za wanaume wekundu ni kidogo, labda kwa sababu wengi walikuwa msituni na hawakuamrishwa na Keya kila asubuhi. Kwenye kanda za wanawake waliochimba mtaro, kuna kurasa zinazokaribia kuwa nyekundu tupu. Nimefika kanda ya 14.